Maana ya "wakili mwenye sifa", na namna ya kumthibitisha wakili wa upande wa pili

Barua ya madai inapomfikia mpangaji wa Kayole au mwenye duka wa Gikomba, macho yake hukimbilia kiasi cha pesa kinachodaiwa na siku alizopewa kulipa. Ni wachache wanaotua kwenye kichwa cha barua na sahihi iliyo chini yake, ilhali hapo ndipo pa kuanzia: je, huyu anayesema ameagizwa na mteja wake ni wakili mbele ya sheria?

Nchini Kenya jibu linatoka katika Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Kifungu cha 9 kinataka mambo matatu yawepo kwa pamoja: mtu awe ameidhinishwa kuwa wakili, jina lake liwe katika Daftari la Mawakili, na awe na cheti cha kuhudumu ambacho muda wake haujaisha. Ndiyo maana si kila mwanasheria ni wakili. Mwenye shahada ya sheria bado ana safari ya kwenda Shule ya Sheria ya Kenya iliyoko Karen, kufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria na kufanya kazi chini ya wakili mzoefu, kabla ya kula kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Kwa upande mwingine, wakili aliyekula kiapo miaka ishirini iliyopita na asichukue cheti mwaka huu bado ni wakili, lakini hana ruhusa ya kuhudumu.

Kwa hiyo sifa ya wakili hupimwa kwa tarehe, na hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulikosa. Cheti huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Kikitolewa ndani ya Januari, huhesabiwa kuwa kilianza kutumika mwanzoni mwa mwezi huo. Kikitolewa baadaye, huanza siku ile kilipotolewa. Tuseme hati ya utetezi ilitiwa sahihi tarehe 20 Februari na cheti kikatolewa tarehe 5 Machi: siku ya sahihi, wakili huyo hakuwa na cheti, hata kama leo anacho. Anayechunguza, basi, aulize hadhi ya wakili siku ile hati ilipotiwa sahihi, asitosheke na hadhi yake ya leo.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, kina ukurasa katika tovuti yake ambapo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama ana cheti, hana, au amesimamishwa. Mawakili wana nambari ya usajili inayoanza na P.105, na ni vyema kuilinganisha na jina. Ikiwa jambo litafika mahakamani, picha ya ukurasa huo iliyopigwa kwa simu haitoshi. Omba LSK barua inayoeleza hadhi ya wakili kwa tarehe husika, kisha uiambatishe kwenye hati ya kiapo.

Hata hivyo, jina kuwemo katika orodha hakuthibitishi kwamba aliye mbele yako ndiye mwenye jina hilo. Mwaka 2023 LSK ilieleza kwamba mtu mmoja alidaiwa kuingia katika akaunti ya mtandaoni, ndani ya mfumo wa LSK, ya wakili ambaye jina lake lilifanana na lake, na jambo hilo lilijitokeza wakili mwenyewe aliposhindwa kuingia katika akaunti yake. Tangu Julai 2020 mahakama za Nairobi hupokea nyaraka kwa njia ya mtandao, na kesi nyingi hutajwa kwa video, kwa hiyo unaweza kupambana na jina kwa miezi bila kumwona mtu. Kwa maoni yangu, kupiga simu katika ofisi kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, wala si ile iliyochapishwa kwenye barua, ni hatua isiyofaa kurukwa.

Ikibainika kuna kasoro, usidhani kesi imekwisha. Zamani nyaraka za wakili asiye na cheti zilikuwa zikitupwa, na mteja asiye na hatia ndiye aliyeumia. Mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haiwi batili kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti, na baadaye kifungu cha 34B kikaweka kanuni hiyo katika sheria, huku kikisema kwamba wakili huyo ametenda kosa la kinidhamu. Kinga hiyo ni ya hati iliyoandaliwa na wakili. Ambaye hakuwahi kuwa wakili anakutana na vifungu vya 31 na 33: ni kosa la jinai kujifanya wakili, na hawezi kudai ada mahakamani kwa kazi aliyoifanya.

Usimshuku mtu bure, lakini. Mawakili wa Serikali katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wanaweza kuhudumu bila cheti cha kila mwaka, kwa mujibu wa kifungu cha 10, na anayejitetea mwenyewe katika kesi yake hahitaji cheti chochote. Kwa wengine walio wengi, kumwandikia wakili barua ya heshima ukimwomba nakala ya cheti chake cha mwaka huo si utovu wa adabu, na aliye nacho huituma bila kinyongo.