"Umeelewa?" "Ndiyo, sista": maswali kuhusu kauli zetu wauguzi

Mgonjwa akisema ameelewa, si inatosha?

Haitoshi. Chukua dawa mseto ya malaria, ALu. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu: jumla 24. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na ni vizuri awe amekula. Muuguzi anayamwaga hayo yote kwa pumzi moja, foleni imejaa hadi mlangoni, halafu anauliza: "Umeelewa?" Mgonjwa atajibu nini zaidi ya ndiyo? Anaona haya, na nyuma yake kuna watu wanaguna.

Niliwahi kumrudisha mama mmoja aliyekuwa ameshafika mlangoni, nikamuuliza atamezaje. Akanijibu, "Vinne leo, vinne kesho. Homa ikishuka, vilivyobaki nawawekea watoto." Dakika moja kabla alikuwa ameniambia ameelewa.

Tangu siku ile nauliza hivi: "Mama, nimeongea haraka. Hebu nieleze, ukifika nyumbani utazimezaje?" Akikosea, nimeeleza vibaya mimi, narudia kwa maneno mengine. Saa tunazihesabu pamoja: umemeza saa nne asubuhi, basi ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Nayaandika kwenye bahasha ya dawa.

Kumwambia mgonjwa "usijali, utapona" kuna ubaya gani?

Nia ni njema, lakini kauli hiyo inamfunga mdomo. Mzee ameambiwa ana presha, anauliza kama atapooza kama kaka yake. Ukimjibu "usijali, mzee wangu," hofu yake anaondoka nayo. Tena akisikia "utapona", siku akijisikia vizuri ataacha vidonge, maana kwake keshapona. Mwambie ukweli: presha kwa watu wengi haiishi, ila inadhibitiwa, na dawa humezwa hata siku ambayo kichwa hakiumi. Kisha muulize, "Kwa kaka ilikuwaje?" Nyamaza umsikilize.

Kumuuliza mtu "kwa nini umechelewa?"

Hilo analisikia kama shutuma, naye ataficha. Uliza, "Ilianza lini, na mlijaribu nini nyumbani?" Hapo ndipo dawa za miti shamba alizokunywa zitatajwa.

Leba je? Wakati mwingine ukali si unasaidia?

Hapana, na hili linaniuma. "Ulipokuwa unaitafuta mimba ulilia hivi?" Wanawake wengi wamelisikia, na hawalisahau. Mimba ijayo wapo watakaobaki nyumbani, na huko damu ikimwagika baada ya mtoto kutoka, hakuna sindano ya oksitosini ya kuzuia damu wala mtu wa kuichoma. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu kujifungua yanataja heshima, mawasiliano mazuri na mama kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, kama sehemu ya huduma yenyewe.

Kwa vitendo ni hivi: "Dada, naomba nikupime njia. Nitaingiza vidole viwili. Uchungu ukija niambie, nitasubiri." Kisha umwambie ulichokuta. "Njia imefunguka sentimita sita" inampa nguvu kuliko "bado sana".

Kuchoka tunachoka, najua. Muuguzi mmoja na akina mama wanane usiku kucha si jambo dogo. Ila kauli ile kali haipunguzi kazi hata chembe: mama aliyeogopa hukaza mwili, na maelekezo hayamwingii.

Na kuita watu kwenye foleni?

"Wale wa CTC wapite huku!", yaani wa kliniki ya VVU, ni kutangaza hali ya mtu mbele ya majirani zake. Mwite kwa jina au namba, basi.

Mimi mgonjwa nifanyeje, sista akiwa na haraka?

Mwambie kwa upole: "Sista, naomba nirudie ulichosema, unisahihishe." Ukisahau ukiwa njiani, rudi. Kurudi dirisha la dawa kuuliza tena si kosa.