Dang'a ya ng'ombe inamfaa nini binadamu? Maswali na majibu

Dang'a ni maziwa gani hasa?

Ni yale mazito, ya manjano, ambayo ng'ombe hutoa mara tu anapozaa. Dang'a kamili ni ya mkamuo wa kwanza. Kuanzia mkamuo wa pili nguvu yake hushuka haraka, na ikifika siku ya nne au ya tano umebaki na maziwa ya kawaida.

Lita moja ya dang'a nzuri ina gramu 50 au zaidi za kingamwili aina ya IgG. Lita ya maziwa ya kawaida haifikishi hata gramu 1. Protini yote kwa jumla hukaribia asilimia 14, wakati maziwa tuliyozoea yana 3 na kitu. Umanjano wenyewe usikudanganye, kwa sababu unatokana na karotini ya majani mabichi. Ng'ombe wa Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, anayezaa mwishoni mwa kiangazi, akiwa ameshindia mabua ya mtama, anaweza kutoa dang'a iliyopauka lakini yenye kingamwili za kutosha.

Kama inamwokoa ndama, kwa nini isimkinge mtu vilevile?

Kwa sababu utumbo wa mtu mzima si utumbo wa ndama wa siku moja. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa bila kinga. Utumbo wake huacha mlango wazi kwa saa 24 hivi, kingamwili zipite nzima hadi kwenye damu, kisha mlango unafungwa. Mtoto wa binadamu tayari alipokea za mama yake akiwa tumboni.

Wewe ukinywa dang'a, sehemu kubwa inameng'enywa kama nyama au maharage. Kiasi kinachosalimika tumboni kinafanya kazi ndani ya utumbo tu. Hakiingii kwenye damu kwenda kupigana na malaria. Ukisoma tangazo linalosema "inapandisha kinga ya mwili mzima", swali la kuuliza ni hilo: imepitia wapi?

Basi faida iliyoonekana ni ipi?

Iko utumboni zaidi. Dawa za maumivu kama indomethasini hulegeza ukuta wa utumbo, na majaribio madogo kwa watu wenye afya yameonyesha kuwa dang'a hupunguza madhara hayo. Wanariadha wanaofanya mazoezi makali wakiitumia wameonekana kuugua mafua na koo kwa siku pungufu kuliko wenzao wasioitumia. Ipo pia dang'a ya ng'ombe waliochanjwa makusudi dhidi ya kijidudu fulani cha kuhara. Hiyo ni bidhaa maalumu, si ya ng'ombe wa jirani.

Sasa tazama kipimo. Majaribio ya wanariadha yalitumia gramu 10 hadi 60 za unga wa dang'a kwa siku, wiki kadhaa mfululizo. Kidonge cha miligramu 500 ukikihesabu, unahitaji 20 kwa siku ili ufike gramu 10 tu. Anayekuuzia vidonge viwili asubuhi na jioni anakuuzia gramu 2.

Kisukari, presha, saratani, virusi vya UKIMWI?

Haitibu hata kimoja. Usiache dawa zako.

Jirani amenipa chupa ya dang'a. Ninywe mbichi ili kingamwili zisife?

Hapana, hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Wakati wa kuzaa ndipo ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba (brusela) hutoa vimelea vingi, kwenye kondo, kwenye majimaji na kwenye maziwa. Mtu akiambukizwa hupata homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo. Kwa kawaida hutibiwa malaria au taifodi mara mbili tatu kabla mtu hajafikiria kupima brusela. Ukienda kituo cha afya na homa ya aina hiyo, sema kwamba umekunywa maziwa mabichi au umemzalisha ng'ombe. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita kwenye maziwa.

Kwa ng'ombe wa kisasa uliza jambo jingine: je, alipokaushwa (alipoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa) aliwekewa dawa ya chuchu? Mabaki ya antibayotiki hizo hutoka na dang'a, na kuchemsha hakuyaondoi kwa uhakika.

Nikichemsha inakatika mabonge. Imeharibika?

Haijaharibika. Protini zake za majimaji huganda kwa moto kama ute wa yai, na chini ya sufuria huungua upesi. Chuja kwa kitambaa safi, changanya kikombe 1 cha dang'a na vikombe 2 vya maziwa ya kawaida, weka sukari ukipenda. Mimina kwenye bakuli, liweke ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, funika. Acha mpaka igande hadi katikati na kisu kitoke kikavu; bakuli lenye kina kirefu huchelewa, kwa hiyo tumia lisilo na kina. Ya siku ya tatu haitaganda vizuri.

Moto huo unaua vimelea, na unaua kingamwili pia. Unabaki na chakula chenye protini nyingi na vitamini A, na hiyo si haba. Ila usikiite dawa.

Ndama aachiwe kiasi gani?

Asilimia 10 ya uzito wake, ndani ya saa 6 za mwanzo, na mapema zaidi ni bora. Ndama wa kienyeji wa kilo 20 anahitaji lita 2, na mama yake mara nyingi hana zaidi ya hapo. Kwa maoni yetu, mwenye ng'ombe wa kienyeji hana dang'a ya kugawa. Ndama chotara wa kilo 35 atataka lita 3 na nusu, na hapo huenda ikabaki.

Nimpe mtoto wangu mchanga?

Usimpe. Dang'a yake ni ya mama yake: anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Matone machache ya siku ya kwanza yanamtosha, maana tumbo lake ni dogo mno. Mtoto mkubwa akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, kwa kipimo alichoandikiwa kituo cha afya.

Nani mwingine aiepuke?

Mwenye mzio wa protini ya maziwa, hata ya unga. Mwanamichezo anayepimwa pia ajihadhari: shirika la WADA, linalopambana na dawa haramu michezoni duniani, halijaipiga marufuku lakini halishauri itumike, kwa kuwa ina IGF-1, homoni ya ukuaji wa seli iliyokatazwa michezoni. Ukinunua ya unga, tafuta alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na gramu zilizoandikwa kwa kila kipimo.

Iliyobaki niichanganye na maziwa ya kuuza?

Hapana, utarudishiwa maziwa yote. Dang'a hukatika kwenye kipimo cha alkoholi kama maziwa yaliyochacha, na mpokeaji kwenye kituo cha maziwa hana njia ya kujua kuwa yako hayajachacha. Kamua kwenye chombo chake peke yake kwa siku 5 za mwanzo.