Mafuta ya limau hayana vitamini C, acheni kuyapaka usoni

Leo tena kuna mtu kaniuliza apake matone mangapi ya mafuta ya limau usoni ili vitamini C itoe madoa. Jamani, humo hamna vitamini C! Yenyewe huyeyuka kwenye maji, inabaki kwenye juisi, haya mafuta yanatoka kwenye vifuko vidogo vya ganda na sehemu kubwa ni limonini, ile kemikali inayonukia, karibu theluthi mbili kwenye limau, kwenye chungwa zaidi ya asilimia 90. Kwa kunukisha nyumba, kubandua gundi ya stika kwenye chupa, kukata grisi ya jikoni, nayapenda mno.

Ngozi ndo balaa. Mafuta yaliyokamuliwa yana furanokumarini, kemikali za mmea zinazoamshwa na jua, mfano bergapteni, zikishakaa kwenye ngozi alafu jua likapiga, ile miale ya UVA inaziamsha, unaungua, pengine unatoka malengelenge, na ukipona linabaki doa jeusi la miezi. Ulikuwa unatoa doa! Na kibaya zaidi haiji papo hapo, inaanza kesho yake au keshokutwa, sa mtu anailaumu sabuni wakati mafuta yako pale pale kabatini.

Ukisema hivyo unajibiwa "lakini ni ya asili". Furanokumarini nazo ni za asili, mti umezitengeneza wenyewe. Swali la kuuliza ni moja, yamekamuliwa au yametolewa kwa mvuke? Molekuli za furanokumarini ni nzito, hazipandi na mvuke, kwa hiyo mafuta ya ndimu ya mvuke hayana hiyo shida na ya kukamuliwa yanayo, na ni ndimu ile ile. Bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, ndo kali kuliko, kikomo kwa kitu cha kupaka na kuacha ni asilimia 0.4, ndimu ya kukamuliwa 0.7, limau 2. Chungwa tamu halina tatizo hilo. Chupa isiyoandika yametolewaje mimi sinunui.

Utasoma ukishapaka ukae masaa 12 bila kupigwa na jua. Hiyo namba siiamini sana, ngozi hazifanani na kiasi mtu alichopaka hakijulikani, mteja wangu namwambia apake sehemu inayofunikwa na nguo basi.

Na ile chupa iliyokaa wazi muda mrefu, hata ya chungwa, limonini ikishaoksidika, yaani ikiharibiwa na hewa, ndo inaleta aleji. Hiyo kasugulie sinki, tena vaa glavu.