Mapenzi na daftari la madeni: filamu za Christian Petzold

Waandishi wa mkondo wa ulimbwende, yaani uandishi uliotukuza hisia, nchini Ujerumani, takribani miaka 200 iliyopita, waliyaona mapenzi kuwa nguvu isiyouzwa wala kununuliwa. Mwongozaji Christian Petzold, aliyezaliwa mwaka 1960, haidharau imani hiyo. Anaipeleka kazini na kwenye mikataba ya madeni, kisha anatazama kinachobaki.

Katika Jerichow (2008), Ali, mhamiaji kutoka Uturuki, anamiliki vibanda vya vyakula mashariki mwa Ujerumani. Amejitwika madeni ya mkewe, Laura. Kwa mkataba wao, mke akiondoka, madeni yanamrudia yeye mwenyewe. Laura anapompenda dereva wa mumewe, anamwambia waziwazi kwamba watu hawawezi kupendana bila fedha. Ali naye anakiri kuwa anaishi katika nchi isiyomtaka, na mke aliyemnunua. Ni kosa kumwita Laura mwenye tamaa. Mkataba ule umemfungia kila mlango.

Undine (2020) ndiyo ninayoipenda zaidi. Imechipuka kutoka kisa cha Friedrich de la Motte Fouqué cha mwaka 1811: jini wa kike aishiye majini, Undine, hupata roho kwa kuolewa na binadamu, na mume akimsaliti, sharti afe. Undine wa Petzold ni mwanahistoria anayewaeleza wageni, mbele ya modeli kubwa za Berlin, jinsi jiji lilivyojengwa. Mwanzoni tu, mkahawani, mpenzi wake anamwacha. Anamjibu kwamba akiondoka, itambidi amuue. Lakini muda wa kazi umewadia, hivyo anamtaka amsubiri palepale hadi amalize mhadhara. Anaporudi, bwana hayupo. Hata laana ya kale inangoja mtu atoke kazini! Baadaye anampata Christoph, mpiga mbizi anayefanya kazi za ufundi chini ya maji, ambaye usiku anamwomba amsomee mhadhara wake kuhusu jumba la makumbusho la Humboldt Forum jijini Berlin. Maneno ya kazi, yaleyale, yanageuka kuwa maneno ya mapenzi kwa sababu kuna anayeyasikiliza kwa moyo wake wote.

Kusikilizwa huko ndiko anakokosa Nadja katika Roter Himmel (2023). Mwandishi Leon anamwona muuza aiskrimu tu, hadi siku Nadja anapolighani mezani shairi la Heinrich Heine juu ya kijana wa Yemeni ambaye watu wa kabila lake wakipenda hufa. Kumbe Nadja anaandika tasnifu ya fasihi. Leon anamlaumu kwa kumficha jambo hilo, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kuuliza.