Mboji ni nini, na kwa nini ndoo yako inanuka

Ukitaja mbolea, wengi hapa Mtwara wanawaza mambo mawili: samadi, yaani kinyesi cha ng'ombe, mbuzi au kuku, na ile ya viwandani inayouzwa kwenye mifuko. Mboji ni kitu kingine. Ni mabaki ya mimea, kama maganda, majani na mboga zilizonyauka, yaliyooza mpaka yakageuka kitu cheusi kinachomumunyika mkononi kama udongo wa msituni. Samadi inaweza kuchanganywa humo lakini si lazima, na anayekaa ghorofani Shangani ataitoa wapi?

Neno la kushika ni kuoza. Kuvunda nako ni kuoza, ila kule kunakonuka, na tofauti hiyo inaletwa na hewa. Penye hewa, bakteria na kuvu hula mabaki na kutoa hewa ukaa, maji na joto. Hewa ikikosekana, kazi hushikwa na bakteria wa aina nyingine, wanaotoa asidi na gesi zenye salfa. Ndiyo ule mnuko wa yai viza. Kwa hiyo ndoo ikinuka, usiilaumu mboji. Mboji haijaanza.

Ndoo yangu ya kwanza ilinuka vibaya. Niliijaza maganda ya muhogo na ya ndizi, nikafunga mfuniko kwa nguvu nikidhani nawastahi majirani. Siku ya tano jirani wa chini alipanda kuuliza kama kuna panya amefia kwetu.

Nilikosa vitu vikavu. Vijidudu hivyo huhitaji kaboni ya kuwapa nguvu na nitrojeni ya kujengea miili yao, kiasi cha sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Maganda mabichi na majani ya chai yana nitrojeni nyingi na maji mengi. Kaboni iko kwenye vikavu: maranda ya fundi seremala, majani makavu, boksi au trei la mayai la karatasi lililochanwachanwa. Kwa vipimo vya jikoni, kopo moja la mabichi lifuatwe na makopo mawili ya makavu. Vikavu hivyo pia huacha nafasi za hewa kupita. Makumbi ya nazi yanafaa kwa hilo ukiyachambua, ingawa yenyewe huchelewa sana kuoza.

Ndoo ya lita 20 inatosha. Itoboe matundu pembeni na chini, iweke roshani penye kivuli juu ya beseni kuukuu, na uigeuze mara moja au mbili kwa wiki. Fumbata kiasi ukamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu ni sawa. Yakichuruzika, ongeza maranda.

Samaki na mabaki yenye mafuta yaache. Najua huku Kusini ni vigumu kumwambia mtu atenge utumbo wa samaki, lakini kwenye ndoo ndogo huleta nzi na funza kabla haujafanya lolote la maana. Machicha ya nazi weka kidogo kidogo, maana bado yana mafuta. Maganda magumu ya korosho usiweke kabisa, yana mafuta makali yanayobabua ngozi. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yanaingia, ila kwa uchache na makavu mengi: ukijaza ndoo mabibo matupu utapata uraka, ile pombe ya mabibo.

Kwa joto la pwani, subiri miezi miwili hadi mitatu, pengine zaidi, tangu siku uliyoacha kuongeza. Imeiva usipoweza tena kutambua ganda la nini lilikuwa wapi, na ikinukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Harufu hiyo ni ya jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongo.

Jambo moja ndoo haiwezi. Lundo la shambani lenye mita moja kila upande hushika joto la nyuzi 55 hadi 65 na kuua mbegu zilizomo. Ndoo ni ndogo, joto lake linapotea. Ndiyo maana kopo langu la mchicha limeota miche mitatu ya nyanya ambayo sikuipanda, na sijapata moyo wa kuing'oa.