“Hata Mtoto Wangu Angeweza”: dhana potofu kuhusu Pollock na wenzake

Mwonyeshe mtu picha ya Jackson Pollock kwa mara ya kwanza, naye ama atacheka, ama atakwambia hata mtoto wake angeweza. Sishangai. Picha haina mtu, haina mti, haina mashua. Ni nyuzi za rangi zinazopishana kutoka pembe hadi pembe. Lakini mengi yanayosemwa kuhusu wachoraji hawa wa New York wa miaka ya 1940 na 1950, waliopewa jina la ekspreshonizimu dhahania, si kweli. Mengine yana nusu ya ukweli, na hayo ndiyo magumu kuyang’oa.

Dhana: Ni kumwaga rangi tu, hata mtoto anaweza

Chukua Autumn Rhythm ya mwaka 1950, iliyopo kwenye Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Upana wake unapita mita 5. Pollock alitandika turubai sakafuni kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yake huko Springs, Long Island, bila hata kulipaka rangi ya msingi. Alitangulia na rangi nyeusi iliyozimuliwa, ikanywewa na kitambaa. Hiyo ndiyo mifupa ya picha. Juu yake zikafuata nyeupe, kahawia na samawati kidogo iliyofifia. Alichovya kijiti au brashi iliyokauka, akaacha rangi ishuke kama uzi huku mkono na mwili mzima ukizunguka turubai.

Ukitaka kuujua ugumu wake, tafuta kopo la rangi ya glosi na kijiti, tandika gazeti chini, kisha chora mstari bila kuligusa. Rangi ikiwa nzito inadondoka mabonge. Ukiizidishia thina inatawanyika matone. Mkono ukichelewa kidogo linatokea dimbwi, ukiharakisha mstari unakatika. Sasa fanya hivyo kwa mita tano, tabaka juu ya tabaka, bila nafasi ya kufuta, na mwisho wake rangi zisichanganyike zikawa tope. Pollock mwenyewe alikana kwamba picha zake ni bahati nasibu. Alisema anaweza kuutawala mtiririko wa rangi.

Wala hakuzukia bandani. Alisoma chini ya Thomas Hart Benton, mchoraji wa watu na mashamba, na mwaka 1936 alishiriki karakana ya Mmeksiko David Alfaro Siqueiros jijini New York, ambako walijaribu rangi za viwandani kwa kuzimwaga na kuzinyunyiza. Kumwaga rangi kulimchukua miaka kujifunza.

Hoja ya mtoto imewahi kupimwa pia. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Boston College walichapisha utafiti ambao washiriki walionyeshwa picha mbilimbili: moja ya mchoraji mashuhuri wa dhahania, nyingine ya mtoto au mnyama, zinazofanana kwa sura. Wengi walichagua ya mchoraji, mara nyingi kuliko ambavyo kubahatisha kungeleta, hata pale majina yalipobadilishwa makusudi. Walikosea pia, tena si mara chache, kwa hiyo anayecheka ana haki yake kidogo.

Dhana: Walichora kwa pupa, hisia zikipanda

Hii wameieneza hata mashabiki wao, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Kuna hadithi kwamba Mural, picha ya karibu mita 6 ambayo Pollock alimchorea Peggy Guggenheim, tajiri mkusanyaji wa sanaa, mwaka 1943, ilimalizika usiku mmoja. Wataalamu wa Taasisi ya Getty huko Los Angeles walipoichunguza walikuta tabaka za rangi ya mafuta zilizokwisha kukauka kabla ya nyingine kupakwa juu yake. Rangi ya mafuta haikauki usiku mmoja.

Mwenzake Willem de Kooning alianza picha ya Woman I mwaka 1950 na kuimaliza mwaka 1952. Katikati alikwangua, akapaka upya, akakwangua tena. Rangi isikauke kabla hajaamua, alikuwa akibandika kurasa za gazeti juu yake. Kuna wakati aliitupa kando kabisa, mpaka mwanahistoria wa sanaa Meyer Schapiro alipokuja kuitazama na kumtia moyo aendelee.

Naye Franz Kline, mwingine wa kundi hilo? Ile mipigo yake mikubwa myeusi ndiyo inayoonekana ya ghafla kuliko zote. Kumbe nyingi zilianzia kwenye michoro midogo, mingine kwenye karatasi za kitabu cha simu, na alishawahi kuikuza ukutani kwa projekta. Ukisogea karibu na turubai lake utaona kitu ambacho picha ya simu haikuonyeshi: nyeupe si nafasi iliyobaki wazi. Imepakwa, na mahali pengine imepanda juu ya nyeusi na kuila ukingo. Mpigo unaodhani ulitua mara moja umerekebishwa kutoka pande zote mbili.

Dhana: Pollock alichora akiwa amelewa

Alikuwa mlevi, hilo halifichiki, na mwaka 1956 alikufa kwenye ajali ya gari aliloliendesha amekunywa. Lakini picha zake kubwa za kumwaga rangi zilizofanya jina, za mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 1950, nyingi zilitoka katika kipindi cha kama miaka miwili alichokaa bila pombe. Aliirudia mwishoni mwa 1950, na kazi ikaanza kupungua. Serikali ya Australia iliponunua picha yake Blue Poles mwaka 1973 kwa dola milioni 1.3 za nchi hiyo, magazeti yaliandika kwamba ilichorwa na walevi. Uvumi huo haujafa mpaka leo.

Dhana: Lilikuwa kundi la wanaume weupe wa Kimarekani

Wamarekani? De Kooning alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, na kuingia Marekani mwaka 1926 kwa kuzamia meli. Mwenzao Mark Rothko alizaliwa mwaka 1903 katika mji ambao leo uko Latvia, akafika akiwa mtoto.

Wanaume? Lee Krasner, mke wa Pollock, alikuwa mchoraji aliyeiva kabla hawajaoana. Baada ya kifo cha mumewe alilichukua lile banda, na The Seasons aliyoichora mwaka 1957 nayo ina upana wa zaidi ya mita 5. Helen Frankenthaler alikuwa na miaka 23 tu mwaka 1952 alipochora Mountains and Sea: alizimua rangi ya mafuta kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama chai, akaimimina kwenye turubai tupu, ikazama ndani ya uzi wa kitambaa. Mwaka uliofuata wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walikuja kuiona, wakarudi Washington na mbinu hiyo, wakajijengea majina kwayo.

Na weupe? Norman Lewis, mchoraji mweusi mzaliwa wa Harlem, New York, alikaa meza moja na wenzake kwenye mijadala ya wasanii ya Studio 35 mwaka 1950, na mwaka 1955 picha yake ya ndege wahamao ilipata tuzo iliyopigiwa kura na watazamaji wa maonyesho ya Carnegie huko Pittsburgh. Hata hivyo wanunuzi hawakumfuata.

Dhana hii haikutoka hewani. Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York lilipopeleka maonyesho ya uchoraji huu Ulaya mwaka 1958, kati ya wachoraji 17 mwanamke alikuwa mmoja tu, Grace Hartigan.

Dhana: CIA ndiyo iliyouunda mtindo huu

Hapa ndipo nusu ya ukweli ilipo. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilifadhili kwa siri taasisi iliyoitwa Congress for Cultural Freedom, iliyoanzishwa mwaka 1950, na taasisi hiyo ilitangaza sanaa na fikra za nchi za Magharibi dhidi ya Wasovieti. Uchoraji huu ulifaa kazi hiyo: tazameni, kwetu mchoraji haamriwi.

Ila hesabu za miaka zinakataa. Pollock alikuwa akimwaga rangi tangu 1947. Wakati huo wanasiasa wa Marekani wenyewe waliichukia sanaa ya kisasa. Mwaka 1949 mbunge George Dondero aliishambulia bungeni kuwa ni njama ya kikomunisti. Kutumia kitu kilichokwisha kuwapo si kukiunda.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulielewa hili upesi, kwa sababu fedha hizohizo zilifika kwetu. Jarida la Transition la Kampala lilizipata, na kituo cha sanaa cha Chemchemi cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1963 chini ya mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele, nacho kilizipata. Siri ilipofichuka mwaka 1966 na 1967, aibu ilikuwa kubwa. Lakini nani atasimama aseme waandishi wa Kampala na Nairobi waliandikiwa mashairi yao na CIA?

Dhana: Walitajirika kwa kuwalaghai matajiri

Miaka ya 1930 wengi wao waliishi kwa mishahara ya mradi wa serikali wa kuwaajiri wasanii wakati wa mdororo wa uchumi. Rangi za nyumba walizitumia kwa sehemu kwa sababu zilikuwa za bei rahisi. Pollock na Krasner walihamia Springs mwaka 1945 kwa mkopo kutoka kwa Peggy Guggenheim, kwenye nyumba isiyo na bafu wala joto la kutosha wakati wa baridi. De Kooning aliiuza picha yake Interchange mwaka 1955 kwa dola 4,000 hivi. Mwaka 2015 iliripotiwa kuuzwa kwa takriban dola milioni 300, miaka 18 baada ya kifo chake.