Mzeituni ukipigwa baridi, protini zake zinafanya nini?

Swali ninaloulizwa sana ni mzeituni unavumilia baridi kiasi gani, na kila mara namuuliza aliyeuliza, mti wenyewe wiki mbili tatu zilizopita ulikuwa kwenye hali gani? Maana kama baridi imeshuka pole pole mti unaweza kufika kama nyuzi 7 chini ya sifuri bila kuumia sana, lakini utoe kwenye joto uupeleke huko ghafla, majani na matawi yanaungua.

Tofauti iko kwenye protini. Baridi ikianza, utando wa seli unakakamaa, kalsiamu inamiminika ndani, na hiyo ndo taarifa yenyewe kwa seli kwamba baridi imefika. Baada ya hapo protini za kundi la CBF zinaenda kushika DNA na kuwasha jeni za baridi, zinatoka desaturasi za kubadilisha mafuta ya utando yabaki laini, na pia katalasi na wenzake wa kuondoa sumu za oksijeni, hizi mzeituni unazihitaji kweli kwa sababu haupukutishi majani, jua la asubuhi linaendelea kupiga klorofili wakati Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dayoksaidi, imepunguza kasi na ile nishati inakosa pa kwenda.

Ila mimi ninazozipenda ni dehidrini, protini zinazoikinga seli inapokauka. Barafu kwa kawaida inaanza nje ya seli, inavuta maji kutoka ndani, kwa hiyo seli inakauka huku imezungukwa na maji yaliyoganda! Dehidrini hazina umbo maalumu kama protini nyingine, zimelegea tu, lakini zina kipande cha asidi amino 15 chenye lisini nyingi, kikikutana na utando kinajisokota na kuung'ang'ania, na utando unalindwa. Chemsha maji ya jani uliyoyakamua na utaona protini nyingi zinagandamana na kuzama chini, dehidrini zinabaki zimeyeyuka vile vile, ndo maana hatua hiyo tunaitumia kuzitenga.

Jani la mzeituni lakini lina ubishi wake maabara. Limejaa oleuropeini, ile kemikali chungu ya mzeituni, na ukilisaga tu inakutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, inageuka kitu kinachogundisha protini zote kama gundi. Sampuli inakuwa ya kahawia na haina maana tena, kwa hiyo jani ligandishwe kwenye naitrojeni ya kimiminika, ambayo ni baridi mno, hapo hapo shambani, lisagwe likiwa limeganda, halafu fenoli, kundi la kemikali ambamo oleuropeini imo, zioshwe vizuri kabla ya kuendelea.

Na watu wanasahau kwamba haya yote yanarudi nyuma. Zikija siku kadhaa za joto katikati ya msimu wa baridi, mti unaanza kuziondoa zile kinga, na kuzipoteza ni haraka kuliko kuzijenga. Kusini mwa Ufaransa mwaka 1956 Januari ilikuwa na joto, mizeituni ikaanza kuamka, Februari baridi kali ikaingia na miti mingi sana ikafa mpaka kwenye shina. Kwa maoni yangu utafiti mwingi unakaa sana kwenye usiku wa barafu, wakati mti umeshajiandaa au umeshachelewa. Sampuli ninazozitaka mimi zaidi ni za ile wiki ya joto, jani moja moja kila siku, tuone dehidrini zinaanza kupungua siku ya ngapi na kwenye aina ipi ya mzeituni, Leccino inayovumilia au zile zinazoungua mapema.